Nyumba salama ya watoto: ulinzi nyota 5, kumsikiliza mtoto nyota 2

Kabla hamjaanza kuuliza, jina la hii nyumba na mahali ilipo siandiki, hata mkinifuata inbox sisemi. Mle ndani kuna watoto wanatafutwa na walewale waliowaumiza, na sio kila anayesoma hapa ana nia njema. Kwahiyo chukueni haya kama maoni kuhusu huduma yenyewe, ukiwa na mtoto wa ndugu yako amepelekwa sehemu kama hiyo utajua cha kuangalia.

Mi ni shangazi mtu. Watoto wawili wa kaka angu, dada mtu yuko darasa la tatu na mdogo wake hata shule hajaanza, walitolewa nyumbani usiku na watu wa ustawi wa jamii wakiwa na polisi. Sababu naiacha, hiyo ni habari yao wenyewe, watakuja kuisema wakikua kama watapenda. Wakapelekwa nyumba salama wakae pale kwa muda wakati mambo yanachunguzwa.

Sasa kwenye kupokea mtoto, jamani, wale watu wanajua kazi. Walifika wamelia mpaka sauti zimekauka na hakuna mtu aliyewakalisha chini kuwauliza ilikuaje ilikuaje. Mlezi wa zamu aliwaonyesha choo kilipo, akawaonyesha kitanda, akawaambia taa ya korido huwa haizimwi, akawaambia yeye yupo mpaka asubuhi na asubuhi anakuja fulani kumpokea zamu. Basi, wakalala. Mimi nilikuja kuelewa baadae kwanini wanafanya hivo, maana mtoto akihojiwa na polisi, halafu ustawi, halafu daktari, halafu mlezi, halafu na mama mwenye huruma aliyekuja kutoa msaada, kila akirudia anaumia upya na maelezo yenyewe yanavurugika hadi kesi inakosa miguu. Anatakiwa kuulizwa na mtu mmoja aliyesomea kuongea na watoto, na yaandikwe hapohapo yaishe.

Kesho yake nesi akawapima, alama za mwilini zikaandikwa moja moja na tarehe. Vitu walivyokuja navyo vikaorodheshwa, hata viatu vibovu. Yule mdogo alikuja ameshikilia blanketi linanuka balaa na hawakulifua, wakasubiri mpaka alipolitoa kwa hiari yake, kwasababu ile harufu ndo kitu pekee cha kwao alichobaki nacho. Halafu akaanza kuficha chakula chini ya mto. Kwingine angechapwa au angeitwa mwizi. Hawa walimpa kontena lenye mfuniko, wakamwambia hili ni lako, kila jioni tutakuwekea kitu humo, lisiwe tupu. Baada ya muda akasahau kuficha mwenyewe. Kukojoa kitandani pia, shuka linabadilishwa kimyakimya na hakuna anayetangazwa mbele ya wenzake.

Na jambo lingine nimelipenda sana, simu za wageni zinabaki getini. Hakuna kuja na katoni za sabuni halafu upige picha na watoto wa watu uende kuposti. Kuna waliokasirika mbele yangu eti wananyimwa kumbukumbu. Kumbukumbu ya nini sasa? Mtoto ambaye jana tu kaokolewa sura yake isambae mtandaoni ili wewe upate laiki.

Haya, tuje kwenye yaliyonifanya nipunguze nyota.

La kwanza waliwatenganisha. Wasichana bweni hili, wavulana wadogo jengo lingine, ndo utaratibu, na yule mdogo alikuwa hajawahi kulala mbali na dada yake tangu azaliwe. Dada mtu alikuwa anaamka usiku anataka kwenda kumuangalia anarudishwa. Nimesoma miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, ile ya 2009, inasema ndugu waliozoeana wasitenganishwe labda kuwe na sababu ya wazi ya kuwakinga au ya faida yao. Uchache wa vyumba sidhani kama ni faida ya mtoto. Nilivyowaambia wakasema ni kweli, wakawa wanawakutanisha wakati wa kula na kucheza, afadhali kidogo, ila usiku ndo ulikuwa usiku na hapo hawakubadilisha kitu.

La pili ndo limeniuma zaidi. Yule binti ananijua, namba yangu ya simu anaijua kichwani kama wimbo, na hakuna mtu aliyemuuliza! Fomu ina sehemu ya ndugu, imeandikwa "hawajapatikana", kwa maana waliwatafuta kwa wazazi, na wazazi wenyewe ndo hao wenye kesi, unategemea wakupe namba ya nani? Siku zikaenda. Aliyekuja kumuuliza ni mpishi, tena kwenye maongezi tu ya jikoni, "mwanangu, ukiwa na shida huwa unamkimbilia nani?", mtoto akataja jina langu na namba yote bila kukwama. Mpishi ndo akampelekea afisa ustawi. Mimi napigiwa simu ndo nasikia watoto wetu wako huko, na miongozo hiyohiyo inataka waangaliwe ndugu wa karibu kwanza kabla hujamuweka mtoto kwa watu asiowajua, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 ibara ya 12 unasema mtoto asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu kulingana na umri wake na uelewa wake. Mtoto wa darasa la tatu anaelewa vizuri sana nani anampenda.

Simaanishi kila ndugu anafaa, hapana. Kuna mashangazi ni hatari kuliko alikotoka. Walikuja kunikagua, wakaangalia wanapolala, wakauliza majirani, wakauliza kama yule mwenye kesi anaweza kuingia kwangu, na nilifurahi wanavyouliza. Ningeshangaa wasingeuliza.

La tatu ni hilo neno "muda". Muda mpaka lini? Afisa wa kwanza akahamishwa, wa pili akaanza faili mwanzo, kila nikiuliza naambiwa linashughulikiwa. Miongozo inasema malezi ya muda yapitiwe upya, ikiwezekana angalau kila miezi mitatu, na mtoto pamoja na watu muhimu kwake washirikishwe. Pale niliona tarehe ya kikao imeandikwa kwa penseli. Na sio ushabiki wa karatasi, kwa mtoto mdogo kusubiri kuna gharama yake. Kuna utafiti ulifanyika Bucharest, Romania, kuanzia 2001, watoto 136 waliokuwa wanalelewa kwenye vituo, nusu wakapelekwa kwa familia za kuwalea na nusu wakabaki kwenye malezi ya kawaida ya pale. Waliopelekwa kwenye familia walikua vizuri zaidi kiakili na kwenye kumzoea mlezi, hasa waliotoka kabla ya kufika kama miaka miwili. Vile vituo vilikuwa na hali mbaya kuliko hii nyumba, hilo nakubali, lakini zamu ni zamu tu, mtoto anaanza kumzoea huyu kesho anaingia mwingine. Ndo mana watoto wa chini ya miaka mitatu wanatakiwa wawe kwenye familia, hata ikiwa ni ya muda.

Kama una mtoto huko sa hivi, usiende kugombana na mlinzi getini, hatakusaidia kitu. Ulizia jina la afisa mwenye faili, uliza tarehe ya kikao kijacho na uombe uandikiwe, uliza siku za kumtembelea na kama mnaweza kuongea kwa simu, uliza shule inaendeleaje. Mtoto ana dawa, zipeleke na cheti chake. Na usimuahidi mtoto kwamba kesho unamchukua wakati hujui, maana wewe ukiondoka wale walezi ndo wanabaki na kilio hadi saa nane usiku. Ah na kingine, mkiambiwa mtoto anachukuliwa kwa sababu familia haina hela tu, kataeni kwa heshima, umasikini peke yake hautakiwi kuwa sababu ya kumtoa mtoto kwao, hapo familia ndo inatakiwa isaidiwe.

Watoto sa hivi wako kwangu, kesi inaendelea. Watu wa ufuatiliaji baada ya watoto kutoka walikuja mwanzoni wakapotea, nimewakumbusha, wamerudi. Kuhusu ndugu kutenganishwa na ile fomu nimewaandikia barua, msimamizi kanijibu kwamba swali la "unamwamini nani" wataliweka kwenye mapokezi. Kwa jumla nawapa 3 kati ya 5, nikiona hiyo fomu mpya nakuja kuongeza.