Kamisheni za mawakala wa kozi yangu: nilianza na asilimia 40, sasa nipo 20

Naendesha mafunzo ya mtandaoni ya wiki nane hapa Moshi: Kiingereza cha kazi kwa wagumu wa Kilimanjaro, yaani wapagazi wa mlimani, wanaotaka kupanda hadi kuwa waongozaji. Darasa kubwa nalifungua wakati wa masika, Aprili na Mei, mlima ukiwa umepoa na vijana wapo nyumbani. Ada ni shilingi 150,000. Mfumo ninaouzia kozi una sehemu ya mawakala: unampa mtu linki yake, akileta mwanafunzi anahesabiwa kamisheni. Nimeutumia msimu mzima na nimebadilisha mipangilio mara tatu, kwa hiyo naandika kwa aliye na kozi kama yangu na anajiuliza aweke asilimia ngapi.

Nilipofungua ile sehemu nilikuta asilimia 40 imeshajazwa, nami nikaiacha. Kwa anayeuza kitabu cha kupakua au video zilizokwisha kurekodiwa, asilimia 40 inaeleweka, kwa sababu nakala ya mia haimgharimu chochote zaidi ya ya kwanza. Mafunzo ya kumshika mtu mkono si hivyo. Kila mwanafunzi naongea naye nusu saa kwa wiki, sisi wawili tu kwenye simu. Piga hesabu: katika 150,000, wakala alichukua 60,000, makato ya mfumo na malipo 7,500, mwalimu msaidizi wa mazungumzo 35,000. Nilibaki na 47,500 kwa saa nne za kuongea, bila kugusa bando wala muda wa kuandaa. Aliyetuma linki alipata kuliko mimi niliyefundisha wiki nane. Siwalaumu mawakala hata kidogo, bei niliipanga mwenyewe.

Sasa kabla ya kupanga asilimia natazama kwanza kinachobaki baada ya makato na mishahara. Nimeweka asilimia 20, na kuanzia mwanafunzi wa sita ndani ya mwezi inapanda hadi 25. Inahesabiwa kwenye pesa iliyoingia kweli, si kwenye bei ya kwenye tangazo. Hili angalia sana kama unapokea kwa awamu. Nusu ya wanafunzi wangu hulipa mara tatu, na mwanzoni mfumo ulikuwa unamhesabia wakala kamisheni yote siku ya awamu ya kwanza. Kuna kitufe cha kuchagua kamisheni ifuate kila malipo. Kitafute kabla hujamwalika mtu yeyote.

Kosa lililoniuma ni la kurudisha pesa. Nilikuwa nimewaahidi wanafunzi kwamba ndani ya siku 14 asiyeridhika anarudishiwa ada yake, ila muda wa kushikilia kamisheni niliuacha sifuri. Vijana wawili walijisajili wiki moja, wakala wao nikamtumia 120,000 siku ileile kwa furaha, kisha wote wawili wakapata safari za mfululizo na kuomba pesa zao. Nikarudisha. Ya wakala ilikuwa imeshaliwa, na kumdai mtu aliyefanya kazi yake kwa haki sikuweza. Leo nashikilia siku 30, ingawa 14 zingeonekana zinatosha. Mgumu anaweza kulipa Jumatatu, Jumanne akaingia mlimani kwa njia ya Machame, akashuka baada ya siku saba, akalala siku mbili na kupanda tena. Darasa lenyewe hajalionja bado. Nikaongeza ahadi ya kurudisha hadi siku 21, na kamisheni ikasubiri nyuma yake.

Jambo ambalo mfumo wenyewe haukuniambia ni kwamba linki haifanyi kazi vizuri mjini kwetu. Wakala wangu bora ni mama mmoja mwenye steshenari karibu na stendi. Vijana huja kwake kutoa kopi za vyeti, naye anawaeleza habari za kozi. Mwezi wake wa kwanza alikuja na daftari, majina manne kwa kalamu nyekundu, kila moja na tarehe yake.

“Mwalimu, mimi nimekuletea wanne. Mbona simu yako inanihesabia mmoja?”

Tukakaa kwenye benchi lake tukafuatilia jina kwa jina. Mmoja alifungua linki ndani ya WhatsApp, siku ya kulipa akaingia kwa kivinjari kingine. Wa pili alitumia simu ya kaka yake. Wa tatu hakubonyeza kitu, alinipigia. Mfumo hukumbuka kifaa na kivinjari kilichofungua linki, haumkumbuki mtu aliyekushawishi. Nilimlipa wote wanne, na jioni ile nikahamia kwenye kuponi. Kila wakala ana neno lake fupi, mwanafunzi akilitaja anapunguziwa 10,000. Sasa vijana wenyewe wanalitafuta lile neno, hata anayepiga simu analisema. Tangu hapo hakuna aliyenijia na daftari la malalamiko.

Zuia pia mtu kununua kupitia linki au kuponi yake mwenyewe. Wawili walijisajili uwakala dakika chache kabla ya kulipa, na kwa asilimia 40 ile wakajipatia kozi kwa 90,000. Ni alama moja tu ya kuweka kwenye mipangilio.

Ninapoupunguzia maksi mfumo ni kwenye malipo ya mawakala. Hautumi pesa kwa simu, unakupa orodha tu ya nani anadai kiasi gani. Kila tarehe 5 nakaa natuma mmoja mmoja kwa M-Pesa, pamoja na ya kutolea, maana kumkata wakala kwa kuchukua jasho lake sikuona sawa. Ukurasa wa wakala nao ni wa Kiingereza kitupu, kwa hiyo yule mama wa steshenari hauangalii. Namtumia hesabu yake kwa ujumbe.

Bado nautumia, na kwa kuhesabu kuponi haujanikosea. Kwa mwanafunzi wa kuponi naingiza 140,000, wakala anapata 28,000, na baada ya makato na mwalimu msaidizi nabaki na 70,000. Mwezi uliopita yule mama alileta sita: watano kwa 28,000, wa sita kwa 35,000. Tarehe 5 nikamtumia 175,000 na ya kutolea juu yake.