TAHADHARI kwa wenye Hilux: breki shuu feki za nyuma, na fundi anayekupeleka kuzinunua

Wakuu, habari za majukumu.

Mwenye pikapu ya mzigo yenye breki za dramu nyuma (zile ambazo shuu, vyuma vilivyopinda, vinatanuka na kusugua ndani ya dramu) asome hii, hata kama gari lake leo halina shida. Nimepigwa laki mbili na kumi na tano. Hela hiyo naiona ndogo, maana kilichonikuta karibu na daraja la Mpiji nikiwa na mananasi ya watu mgongoni kingeweza kuwa cha kuitana misibani.

Gari langu ni Hilux fowili ya dizeli, ya zile za zamani ambazo hendibreki yake ni ule mpini wa kuvuta chini ya dashibodi. Kazi yake ni mananasi: Kiwangwa, Bagamoyo, Bunju, mpaka soko la Mabibo, mara tatu kwa wiki msimu ukichanganya. Mwezi uliopita pedali ya breki ilianza kwenda chini sana. Nikikanyaga mara mbili harakaharaka inapanda na inakuwa ngumu vizuri, ila ile ya kwanza inazama. Hendibreki nayo ikawa pambo, naivuta mpaka mwisho na gari linateleza lenyewe kwenye mteremko mdogo wa pale napopakia.

Nikampelekea fundi ambaye nimefanya naye kazi karibu miaka miwili. Akafungua tairi moja ya nyuma, akapiga dramu nyundo, akachungulia, akasema: "Bosi, shuu zimekwisha, na wili silinda zote mbili zinavuja. Twende Kariakoo leo leo." Wili silinda ndiyo inayosukuma shuu ukikanyaga breki. Nilichungulia na mimi, ila nitasema ukweli, sikujua natazama nini. Niliona weusi na vumbi nikaamini.

Kariakoo, upande wa Gerezani, tulipokelewa na winga, dalali wa mtaani, kabla hata hatujavuka barabara. Anamfahamu fundi wangu kwa jina. Hapo ndipo ningeshtuka. Tukapelekwa duka dogo la ghorofani, boksi likaletwa, limeandikwa vizuri, rangi zenyewe, stika yenyewe. Breki shuu seti elfu tisini na tano, silinda elfu arobaini kila moja. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Jibu mnalijua wote: "Ukitaka risiti bei inapanda." Nikaandikiwa kikaratasi cha mkono, chini yake muhuri wa "mali ikiuzwa hairudishwi". Najua sheria inambana hata mnunuzi asiyedai risiti. Nilitaka kuokoa hela, nikanyamaza. Ufundi elfu arobaini. Spea za zamani fundi akatia kwenye mfuko wake, akasema atazitupa.

Wiki tatu hivi zikapita. Kwanza ikaja harufu kama ya kamba inayoungua. Kisha asubuhi, gari likiwa la baridi, nikigusa breki kidogo tu tairi ya nyuma kushoto inang'ang'ania na kuachia. Nilipiga simu kwa fundi, akasema shuu mpya zinajizoesha. Safari iliyofuata, natelemka kuelekea Mpiji, mbele yangu kuna daladala linashusha, nikakanyaga. Kukasikika mlio wa chuma kukwaruza chuma, tairi ya kushoto ikafunga kabisa, mkia wa gari ukaenda pembeni. Nilisimama nikiwa nimekaa mshazari barabarani, na konda wa daladala ananitukana. Namshukuru Mungu hakukuwa na lori nyuma yangu.

Nikalivuta taratibu mpaka Tegeta kwa mzee mmoja anayetengeneza breki tu, hafanyi injini wala umeme. Alichofungua nilikipiga picha. Lainingi ya shuu, ile tabaka inayosugua dramu, ilikuwa imebanduka nzima kutoka kwenye chuma chake, kama soli inavyoachana na kiatu cha mtumba siku ya mvua, ikajikunja ikakaba kati ya chuma na dramu. Ndiyo iliyofunga tairi. Kile chuma kilichobaki uchi kikamfanya mzee acheke kwa uchungu: chini ya rangi mpya nyeusi kuna vishimo vya kutu na matundu ya riveti za zamani. Maana yake ni shuu chakavu, imebandikwa lainingi ya ovyo kwa gundi, ikapakwa rangi.

Silinda ndiyo iliyoniumiza zaidi, kwa sababu huwezi kuiona. Mzee alivuta ule mpira wa pembeni kwa bisibisi, mafuta ya breki yakatiririka. Akaifungua yote. Mipira ya ndani ni mipya kabisa. Ukuta wa ndani una mashimo ya kutu na mikwaruzo ya msasa inayozunguka. Mtu kaokota silinda iliyokufa, kaipiga msasa, kaweka mipira ya elfu chache, kapuliza rangi ya silva. Mahali pa namba ya kiwandani pamesagwa. Mpira mpya kwenye ukuta wenye mashimo unaziba siku mbili tatu, halafu unakatika.

Na boksi? Nilikuwa nalo bado kwenye gari. Mzee akavaa miwani akasoma stika, akaniuliza: "Mwanangu, wewe ulinunua pedi za mbele au shuu za nyuma?" Namba kwenye stika inaanza na 04465. Kwa Toyota hizo ni pedi za mbele. Seti ya shuu za nyuma inaanza na 04495. Walionakili stika hawakujisumbua hata kunakili ya bidhaa yenyewe.

Sasa sikia la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mzee alisema huenda shuu zangu za mwanzo zilikuwa nzima. Kwenye Hilux hizi, nyuma ya ile sahani inayobeba shuu kuna kiwiko cha chuma ambacho waya wa hendibreki unakivuta. Kiko nje, kinapigwa na matope na maji, kinashika kutu kinaganda. Na kwenye mfumo huu ajasta, ile inayosogeza shuu karibu na dramu kadiri zinavyolika, inazungushwa na hendibreki. Kiwiko kikiganda, ajasta imelala. Shuu zinalika kidogo, nafasi inaongezeka, pedali inazama, hendibreki haishiki. Dalili zangu zilezile. Alinionyesha kiwiko cha kulia: alikipiga nyundo ndipo kikacheza. Cha kushoto hakikucheza kabisa. Fundi wangu alifunga shuu mpya juu ya vitu hivyo viwili bila kuvigusa. Dawa yake ilikuwa kufungua kiwiko, kusafisha kutu, grisi, kukirudisha. Kazi ya asubuhi moja.

Kwa hiyo kabla hujakubali kupelekwa dukani, fanya haya mwenyewe. Gari likiwa tambarare na limewekwa kabali, kanyaga pedali uone inazama kiasi gani. Kisha vuta hendibreki kidogo, meno machache tu, ukanyage tena. Kama sasa pedali imekuja juu, shuu ziko mbali na dramu, na shida ni ya kurekebisha kabla haijawa ya kununua. Kama pedali ni laini kama sponji na inapanda ukipampu, kuna upepo, utolewe. Kama inashuka polepole huku umeikandamiza na huoni tone popote, tazama masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali.

Akikuambia "silinda inavuja", mwambie akuvulie ule mpira ukiwa umesimama hapo. Unyevu kidogo tu si neno, lakini mafuta yakitoka anasema kweli. Ila kuna mafuta mengine yanayoingia kwenye dramu: oili ya difu, ile ya gia za ekseli ya nyuma, ikipita kwenye sili ya ekseli iliyochoka. Ukibadilisha silinda wakati anayevuja ni ekseli, utarudi gereji baada ya mwezi na shuu zilizoloa. Kuzitofautisha ni rahisi. Oili ya difu ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Mafuta ya breki ni mepesi, na ukiyamwagia maji yanachanganyika na kuondoka, wakati oili inabaki ikiteleza. Lainingi iliyolowa chochote kati ya hivyo haiokolewi. Wale wa kuiosha kwa petroli na kuichoma moto wanakudanganya, mafuta yameshaingia ndani. Na vumbi la dramu lisipulizwe kwa kompresa, shuu za zamani zinaweza kuwa na asibestosi. Lilowanishe, lifute.

Dramu nayo ipimwe. Yangu ilitoka kiwandani ikiwa na milimita 295 ndani, na mwisho wake ni 297. Hilux nyingine zina 254, mwisho 256. Kipimo cha mwisho kimeandikwa kwenye dramu yenyewe. Ikishapita hapo haikerezwi tena, inatupwa, hata fundi wa kereza akikuahidi nini.

Dukani, boksi lisikupumbaze. Toa shuu zote nne, uzitazame kwenye mwanga wa nje. Kukosa riveti si ushahidi wa ufeki, orijino nyingi zimegundishwa. Tazama gundi: kama imetokeza vipande vipande au kuna mwanya wa kuingiza ukucha kati ya lainingi na chuma, rudisha. Kwaruza rangi kidogo kwenye kingo za chuma, kutu ikijitokeza chini yake umeshajua. Matundu ya riveti yasiyo na kazi, umeshajua. Ukiweza nenda na dramu yako, ilaze shuu ndani yake umulike tochi kwa nyuma. Ikigusa ncha tu na katikati kuna mwanga, haina mduara wa dramu hiyo. Kwenye silinda, inua mpira utazame ukuta wa ndani pale unapoonekana, uwe laini kama kioo. Ikiwa imepakwa rangi ya silva hadi kwenye nyuzi za nati, kimbia. Namba ya boksi itafute kwenye simu kabla ya kulipa. Na spea zako za zamani rudi nazo nyumbani.

Nilirudi dukani na vipande kwenye mfuko. Winga hakuonekana. Muuzaji alianza na "fundi wako kafunga vibaya", tukabishana, nikamtajia FCC, Tume ya Ushindani, kwamba bidhaa za alama bandia ni kazi yao. Akapandisha: "Unanidai mimi hela yote, mbona thelathini ya fundi wako nilishampa?" Mwenyewe alipojisikia akanyamaza. Basi nikajua cha juu kilikaa wapi. Hela hakurudisha. Malalamiko nimeyapeleka, na swali la kwanza nililoulizwa ni risiti ya EFD iko wapi.

Jina la duka siandiki hapa. Kilichonipata mimi pengine kinafanyika kwenye maduka mengine kumi, na ukikwepa moja utaingia jingine. Anayetaka kuona, picha za shuu, silinda na stika ninazo zote.

Mzee wa Tegeta alinifungia shuu na silinda mpya za duka lenye risiti, akafungua viwiko vyote viwili, akakagua na ile vali ya mzigo, inayopima nguvu ya breki za nyuma kwa uzito, yenye fimbo inayoungana na ekseli, akatoa upepo. Hendibreki sasa inashika gari likiwa limejaa.

Yule fundi wangu kanipigia jana. Anauliza kama ile klachi nayo nimeshaanza kuisikia.