Leb ya karibu na Makupa: sindano poa, maelezo ndo shida

Nilimpeleka mamangu kupima sukari ile ya miezi mitatu, HbA1c wanaiita, na yule dada wa kutoa damu mkono mwepesi mashallah, mama hata hakusikia. Majibu jioni kwa WhatsApp: 7.1, ubavuni herufi H basi, mama akadhani H ni hospitali ashaanza kulia!! Kumbe ni kuwa imepita kiwango tu, 6.5 kwenda juu ndo hesabu ya kisukari. Mie nna daftari langu, Januari ilikuwa 8.4 kwa hivyo imeshuka ati. Ntarudi hapo hapo, maana ukihama leb ovyo mashine hutofautiana kidogo, ila jamani wekeni mtu wa kutueleza.