Sanduku la Marx Brothers, limepimwa saluni

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko Pasua, hapa Moshi: viti vitatu, draya mbili, TV moja ukutani. Mteja wa rasta ndogondogo anakaa saa tano, wakati mwingine sita, na usipompa kitu cha kutazama atakutazama wewe, akuulize kila dakika unamaliza saa ngapi. Filamu zilizotafsiriwa zina shida moja kubwa. Draya ikiwashwa, sauti ya mtafsiri haisikiki tena na hadithi inaishia hapohapo.

Mwezi uliopita nilikuwa soko la Memorial natafuta mapazia ya mtumba, nikakuta sanduku la DVD za Marx Brothers katikati ya lundo la vitabu na sufuria. Muuzaji alianzia 20,000, tukamalizana kwa 12,000. Ndani mna filamu tano, zote za rangi nyeusi na nyeupe, za kampuni ya Paramount kati ya 1929 na 1933: The Cocoanuts, Animal Crackers, Monkey Business, Horse Feathers na Duck Soup. Deki yangu ya Kichina haichagui diski, inameza chochote.

Kwa asiyewajua, hawa ni wachekeshaji, ndugu wa tumbo moja kutoka New York, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Walikulia jukwaani, mama yao Minnie akiwa ndiye meneja, na sinema waliingia wakiwa watu wazima kabisa. Chico, mkubwa wao, alikuwa na miaka 42 The Cocoanuts ilipotoka. Anajifanya Mwitaliano mjanjamjanja. Groucho ana masharubu ya kuchora kwa rangi, sigara nene na mdomo usiopumzika. Harpo ana wigi la nywele za kujikunja na honi, na katika filamu zao zote 13 hazungumzi. Zeppo, kitinda mimba, ni yule mtanashati anayesimama pembeni. Yupo na wa tano, Gummo, ila yeye alitoka kabla kamera haijawashwa.

Nilizionyesha zote tano siku za kazi, draya zikiunguruma, maana hicho ndicho kipimo changu. Groucho alifeli. Vichekesho vyake vimo ndani ya maneno ya Kiingereza, na maneno yenyewe yanakwenda mbio. Kwenye The Cocoanuts anataja daraja, "viaduct", Chico anasikia "why a duck", yaani kwa nini bata, basi wanabishana hapo bata, bata, mpaka mwisho. Mteja wangu wa Ijumaa, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, alicheka hadi kichwa kikaniponyoka na kitana kikaanguka. Wenzake wakamgeukia. Akajaribu kutufafanulia, akakwama kwenye bata.

Harpo alifaulu bila kufungua mdomo. Koti lake ni duka la mangi, hukosi kitu. Kwenye Horse Feathers mtu anamwomba msaada, anataka kikombe cha kahawa, naye anaingiza mkono kotini anatoa kikombe kinachofuka moshi. Baadaye Groucho anamwambia huwezi kuwasha mshumaa pande zote mbili. Harpo anautoa kotini, unawaka juu na chini. Kwenye Monkey Business anajaribu kutoka melini kwa pasi ya kusafiria ya mwimbaji mmoja maarufu. Kumbe mgongoni amefunga santuri inayomwimbia, ikaanza kuishiwa nguvu mbele ya maofisa, sauti ikashuka na kuwa ya zimwi. Binti anayenisaidia kuosha vichwa alilazimika kukaa chini.

Lakini ukipata moja tu, tafuta Duck Soup ya 1933. Jina maana yake ni supu ya bata, ila supu hamna, msidanganyike. Bata wanaonekana mwanzoni tu, wanaogelea kwenye sufuria. Chico ni jasusi anayejificha kwa kuuza karanga, na ugomvi wake na muuza juisi aliye jirani yake kila mtu wa Moshi aliyewahi kupita stendi ataujua: kofia zinabadilishwa vichwa, moja inaungua kwenye moto wa karanga, hadi Harpo anakunja suruali na kutembea ndani ya juisi ya watu.

Halafu inakuja sehemu ya kioo. Groucho amevaa kanzu na kofia ya kulalia. Harpo amejivika vilevile, masharubu na miwani juu, ameingia nyumbani humo kuiba. Katika mbio anagonga kioo kikubwa, chote chini. Groucho huyo anakuja, kwa hiyo Harpo anasimama pale pale kioo kilipokuwa na kujifanya ndiye kivuli chake. Mmoja akiinua mguu, mwingine ameshainua. Groucho anachungulia ghafla, anamkuta naye anachungulia. Inafika mahali wanazungukana na kubadilishana upande, kivuli kinaangusha kofia, na Groucho anaiokota na kumrudishia! Hakuna neno, hakuna muziki, hata nyayo hazisikiki. Sasa kumbukeni, kwangu mteja anatazama kioo na TV iko nyuma yake, kwa hiyo kioo kile walikionea ndani ya kioo. Dada mmoja, msuko wake wa twende kilioni nimeufikisha nusu, alipunga vidole taratibu mbele yake, kuhakikisha.

Kasoro zipo. Diski ya The Cocoanuts ina mikwaruzo, inakwama dakika ya kumi na kitu. Nilirudi sokoni na muuzaji akaniambia niipake dawa ya meno. Nimepaka, haijasaidia, na saluni nzima ilinuka minti. Horse Feathers nayo inarukaruka kwenye sehemu ya chumbani kwa mwanamke mmoja, maneno yanakatika katikati, nikamgombeza muuzaji kwa hiyo pia. Hapo nilimwonea. Mpwa wangu alitafuta mtandaoni: filamu yenyewe imebaki hivyo, vipande vilipotea zamani. Jambo jingine ni kinubi. Harpo alijifundisha mwenyewe na anapiga vizuri, lakini akianza, hadithi inasimama na bibi wa draya ya pili anasinzia. Duck Soup haina kipande cha kinubi.

Mpwa huyohuyo aliniletea kutoka Arusha mbili za baadaye, za kampuni ya MGM, wakati Zeppo ameshaacha. A Night at the Opera ya 1935 ni nzuri, na sababu inaonekana: mtayarishaji Irving Thalberg aliwatuma kwanza wazunguke kumbi za maonyesho na vichekesho vyao, waone watu wanachekea wapi, ndipo wakapiga picha. Kile chumba kidogo cha meli kinachojazwa watu kumi na tano ni gari la abiria la Noah la Marangu siku ya soko. Bibi mmoja anafungua mlango, wote wanamwagikia nje. Thalberg alifariki 1936, A Day at the Races ikiwa bado haijakamilika. Hiyo sitaionyesha tena. Ina nyimbo nyingi mno, na kuna mahali wanajipaka grisi usoni wajifiche kati ya watu weusi. Saluni ilinyamaza. Mama mmoja aliuliza, "Hiyo nayo ni ya kuchekesha?" Nikachomoa diski.

Kwa 12,000 sijuti, hata bila The Cocoanuts. Mjaribu diski zote hapohapo kabla ya kulipa, wapo wauzaji wenye deki. Ile iliyokwaruzwa mama yangu ameichukua Kibosho, ameitundika kwenye bustani ya mchicha, inafukuza ndege.