registers.nli.ie: kumtafuta babu aitwaye Sullivan katika vitabu vya parokia za Ireland

Tovuti hii ni ya Maktaba ya Taifa ya Ireland, iliyoko Mtaa wa Kildare, Dublin. Ilifunguliwa Julai 2015, na ina picha zaidi ya 370,000 za kurasa za vitabu vya ubatizo na ndoa kutoka parokia za Katoliki zaidi ya elfu moja, Kaskazini na Kusini mwa kisiwa. Haitozi hata senti wala haidai ufungue akaunti. Na haina mahali pa kutafutia jina la mtu.

Wengi hukata tamaa hapo hapo, hasa wenye babu aitwaye Murphy, Kelly au Sullivan. Sisi tunaona kinyume: kwa jina la ukoo lililoenea, hiki ndicho chombo tunachokiamini kuliko vyote, mradi ujue parokia kabla ya kuingia. Makadirio yaliyotokana na watoto waliosajiliwa mwaka 1890 yaliweka akina Murphy kuwa 62,600, Kelly 55,900 na Sullivan 43,600. Ukimwandika John Sullivan wa mwaka 1840 katika tovuti inayotafuta kwa jina, utaletewa akina John kwa mamia, na aliye juu ya orodha utamshika kana kwamba ndiye wako. Ukoo mzima unaweza kujengwa juu ya mtu asiye wenu. Tovuti ya Maktaba inakulazimisha uanze na mahali, na kwa jina la kawaida mahali ndipo penye ushahidi.

Vitabu vya mapadre vina uzito huu kwa sababu vya serikali havipo. Usajili wa vizazi vya watu wote ulianza 1864 tu. Sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851 iliteketea Juni 1922 ofisi ya kumbukumbu pale Four Courts, jengo la mahakama jijini Dublin, ilipolipuka, za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali, na za 1881 na 1891 zikasagwa kuwa karatasi upya. Sensa kamili za kwanza zilizobaki ni za 1901 na 1911.

Parokia utaipataje? Anzia kule alikohamia. Chukua mfano wa rasi ya Beara, kusini-magharibi, ambako akina Sullivan wamejaa na mgodi wa shaba wa Allihies ulifunguliwa 1812. Wachimbaji wengi wa huko walihamia Butte, Montana. Kwa mtu wa namna hii, tafuta kitabu cha ndoa cha parokia yake ya Marekani (baadhi ya mapadre waliandika alikotoka bwana harusi), tangazo la kifo gazetini na jiwe la kaburi. Tafuta pia karatasi za kaka na dada zake, maana kitongoji kisichotajwa kwa mmoja hutajwa kwa mwingine. Ukishapata jina la kitongoji, lilinganishe na Griffith's Valuation, orodha ya wapangaji wa ardhi ya 1847 hadi 1864, ambayo nayo ni bure mtandaoni.

Tahadhari moja: "parish" ya Griffith ni ya kiserikali, si ya Kanisa. Mipaka yake mara nyingi haifanani na ya parokia Katoliki, na jina nalo huweza kuwa jingine kabisa. Sehemu kubwa ya Beara yenyewe imo kaunti ya Cork, lakini kikanisa iko chini ya jimbo la Kerry. Anayepekua jimbo la Cork na Ross kwa sababu babu alisema "natoka Cork" atafungua picha mpaka macho yaume bila kumwona.

Ndani ya tovuti, andika jina la parokia, au fungua ramani, ubonyeze kaunti kisha parokia. Majina mbadala ya parokia yamewekwa, na ramani inaonyesha parokia za jirani. Zinakili zote, utazihitaji. Ukurasa wa parokia unaorodhesha vitabu vilivyopo na miaka yake. Chagua ubatizo au ndoa, mwaka na mwezi, halafu soma kurasa mbili kabla na mbili baada, kwa sababu padre aliyerudi kutoka vitongoji vya mbali aliweza kuandika ubatizo wa wiki kadhaa kwa mkupuo, bila mpangilio. Kiungo kilichoko juu ya kivinjari hubeba namba ya ukurasa. Kinakili pamoja na jina la parokia, ili mtu mwingine aweze kufungua ukurasa uleule na kukukosoa.

Aliyewahi kufuata cheti cha ubatizo ofisi ya parokia Moshi au Murang'a atayatambua mengi: tarehe, jina la mtoto, baba, mama, wasimamizi. Usitegemee tu kukuta namba ya LB (namba ya kitabu cha ubatizo). Vitabu vingi vya enzi hizo havina. Lugha ni Kiingereza au Kilatini, kulingana na padre, na majina yamefupishwa. Jacobus ni James, Gulielmus ni William. Kusini-magharibi, Jeremiah anaweza kuwa Darby katika kitabu kingine, Cornelius akawa Con, na Honora akaandikwa Hanora, Norry au Nora. O' ya mwanzo ilidondoshwa sana karne ya 19, kwa hiyo O'Sullivan wa leo tafuta kama Sullivan.

Utajiri wa vitabu hivi kwa jina la kawaida uko kwa mama, ambaye kwa kawaida huandikwa kwa jina la kwao. John Sullivan peke yake hana maana. John Sullivan na Mary Harrington, kitongoji fulani, hapo kuna mtu wa kumfuata. Kwa hiyo usimtafute mtoto mmoja. Kusanya ubatizo wote wa baba na mama hao kwa miaka 25, kuanzia ndoa yao, na uuweke kwenye jedwali: tarehe, mtoto, kitongoji, wasimamizi wawili. Watoto huja kwa kupishana miaka miwili hivi. Ukikuta wawili wamepishana miezi mitano, una wanandoa wawili wenye majina yaleyale, jambo la kawaida kabisa Beara. Watenganishe kwa kitongoji, na kama kitongoji hakikuandikwa, kwa wasimamizi, kwa kuwa wengi wao walikuwa ndugu au majirani. Kundi moja litakuwa na akina Harrington wanaojirudia, jingine akina Murphy. Kazi hii inachosha, na hakuna njia ya mkato tunayoiamini.

Ukiona jina lilelile limepewa watoto wawili wa wazazi walewale, wa kwanza yaelekea alikufa. Aliyehama ni wa pili, na umri wake utapishana na ulivyodhani. Umri wenyewe usiutegemee sana. Panua utafutaji miaka mitano kila upande. Katika sensa ya 1911 wazee wengi walizeeka zaidi ya miaka kumi tangu 1901, kwa sababu pensheni ya uzeeni ilikuwa imeanza 1909 na mtu alitakiwa awe na miaka 70. Na kwa waliozaliwa baada ya 1864, usishangae ubatizo ukitangulia tarehe ya kuzaliwa iliyoko serikalini. Aliyechelewa kusajili alitozwa faini, hivyo wazazi walisogeza tarehe mbele. Amini kitabu cha padre.

Koo zilizojaa sana zilijitofautisha kwa lakabu, kama Rua au Bawn, na wapo mapadre walioandika lakabu mahali pa jina la ukoo. Familia ikipotea ghafla kitabuni kwa miaka sita halafu ikarudi, rudia kurasa hizo ukitafuta majina ya kwanza ya wazazi na kitongoji, bila kujali ukoo ulioandikwa.

Ndoa zitafute parokia ya bibi harusi, na anza na Januari na Februari. Wakati wa Kwaresima ndoa hazikufungwa, hivyo vijijini watu waliharakisha kuoana kabla ya Jumatano ya Majivu. Sullivan akimwoa Sullivan, tazama kama padre ameandika ruhusa ya udugu. Daraja la pili maana yake babu zao ni wamoja. La tatu, baba au mama wa babu zao. Mstari huo mfupi wa Kilatini huunganisha matawi mawili ambayo hakuna karatasi nyingine ingeyaunganisha, na wengi huupita kwa sababu umebanwa pembeni.

Ipo pia desturi ya majina: kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu wa upande wa baba, wa pili la babu wa upande wa mama, wa kwanza wa kike la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Itumie kukisia, kamwe usiiandike kama ushahidi.

Kasoro za huduma ni za kweli. Picha zimetoka kwenye mikrofilimu nyeusi na nyeupe zilizopigwa miaka ya 1950 na 1960, na wino uliofifia rangi ya kahawia mara nyingine hauonekani kabisa. Hifadhi picha ya skrini, kisha ongeza kontrasti kwenye programu ya picha; maandishi kadhaa hurudi. Lebo za mwaka na mwezi hukosea pale padre alipochanganya ubatizo na ndoa katika kitabu kimoja. Mazishi ni machache mno. Vitabu vingi vya magharibi havianzi kabla ya miaka ya 1820, na mkusanyo karibu wote unaishia 1880. Kwenye simu kurasa ni ndogo kusomeka, tumia kompyuta.

Kwa hiyo usiitumie peke yake. Irishgenealogy.ie, ya serikali na ya bure, inatafuta kwa jina katika rekodi za Katoliki za jimbo la Kerry, jiji la Dublin na sehemu ya Cork. Kwa Beara anzia huko, kisha uje Maktaba usome ukurasa wenyewe. Findmypast, tovuti nyingine ya nasaba, ilitengeneza faharasa ya picha hizi za Maktaba, na ilipoitoa Machi 2016 ilitangaza kuwa itabaki bure. Nzuri, ila aliyenakili alisoma mikrofilimu ileile iliyofifia, na jina lililosomwa vibaya halitatokea. RootsIreland ni ya kulipia, lakini inakuruhusu kutafuta watoto wote wa baba fulani na mama fulani bila kutaja jina la mtoto, na unakili ulifanywa na vituo vya kaunti. Kwa nje ya maeneo ya irishgenealogy.ie, mwezi mmoja wa malipo yake unatosha iwapo umeshaandaa orodha ya jozi za wazazi kabla ya kulipa.

Kwa ubatizo wa baada ya 1880, nenda kwenye vyeti vya vizazi vya irishgenealogy.ie, au iandikie ofisi ya parokia ukitaja majina ya wazazi wote wawili, kitongoji na kipindi kisichozidi miaka mitatu. Padre hana muda wa kumpekulia mtu kitabu kizima kwa jina Sullivan.