Hita kwa Gari la Zamani: Ipi Inasafisha Kioo Kweli?

Matangazo ya hita husifia wati. Mwenye gari la zamani aulize kwanza hewa ya moto itafikaje kwenye kioo cha mbele. Ukungu hutokea hewa yenye unyevu inapogusa kioo baridi, na pumzi za watu wawili zinatosha kabisa. Kapeti likiwa limelowa kwa sababu mipira ya milango imekwisha, hita yoyote itashindwa, kwa hiyo anzia hapo.

Kwa injini inayopozwa kwa maji, naipa nafasi ya kwanza hita ya maji, bila kusita. Ni rejeta ndogo yenye feni, inayopitishiwa maji ya moto kutoka kwenye injini. Hita ya kawaida ya aina hii hutoa kilowati 3 hadi 5 za joto ambalo lingepotea bure, na umeme unatumiwa na feni tu. Chagua yenye matundu ya kuunganisha mipira ya hewa inayokwenda kwenye kioo; zile zinazopuliza miguuni peke yake ziache dukani. Hakikisha volti pia: feni ya volti 12 kwenye gari la volti 6 huzunguka kivivu, na ya volti 6 kwenye gari la volti 12 huungua.

Usinunue mpya kabla ya kuikagua ya zamani, lakini. Mara nyingi rejeta yake imeziba kwa kutu, au thamostati ya injini (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka yapate moto) imekwama wazi, maji hayapati moto. Thamostati ya nyuzi 82 au 88 ni rahisi kuliko hita nzima. Ukiona utando wa mafuta-mafuta kwenye kioo na harufu tamu ndani, rejeta inavuja, hiyo badilisha.

Volkswagen Beetle na wenzake wanaopozwa kwa hewa wana hesabu yao. Joto lao hutoka kwenye maboksi yanayozunguka bomba la moshi. Bomba likitoboka, kaboni monoksidi huingia ndani, nayo haina harufu. Hapo ununuzi wa kwanza ni maboksi mapya.

Nafasi ya pili naipa kioo cha mbele chenye nyaya nyembamba za umeme ndani yake. Huyeyusha barafu kwa dakika chache, na kioo bapa ni rahisi kutengenezewa kuliko kilichopinda. Ila kinakula umeme mwingi. Bila alteneta, jenereta ya kisasa yenye nguvu kuliko dainamo ya zamani, sahau.

Hita inayochoma petroli au dizeli, kama za kampuni za Eberspächer na Webasto, ni ya tatu. Inapasha gari hata injini ikiwa imezimwa, lakini moshi wake lazima utolewe nje kabisa, ifungwe na fundi anayeijua, na king'ora cha kaboni monoksidi kiwepo.

Mkiani iko hita ya kuchomeka kwenye tundu la sigara. Wati 150 ni ampea 12.5 kwa volti 12, mzigo mzito kwa dainamo inayotoa ampea 22, hasa taa zikiwaka. Na joto lenyewe ni sehemu ya ishirini ya kilowati 3. Kama huna budi kuchomeka kitu, nunua feni tupu uielekeze kwenye kioo, ufungue dirisha kidogo.