Ofisi ya ushauri wa vibali vya ufugaji baharini: makaratasi safi, ramani ya kuhakikiwa

Kikundi chetu, kilichopo kando ya Ghuba ya Menai, kusini magharibi mwa kisiwa cha Unguja, Zanzibar, kilitafuta ofisi binafsi ya mjini itusaidie kuomba kibali cha vizimba vya majongoo bahari, viumbe laini wanaotambaa kwenye mchanga wa chini ya bahari na hufugwa kwa ajili ya kuuzwa. Jina lake naliacha. Ninachotaka kueleza ni huduma yenyewe, kwa faida ya vikundi vingine vinavyofikiria kuingia katika kazi hii.

Upande wa makaratasi hawana mpinzani. Leseni ni ya Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, athari za mazingira hutazamwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, na kwa kuwa Menai ni eneo la hifadhi tangu 1997, wasimamizi wake nao wana neno. Mtu asiyezoea hupigwa danadana kati ya milango hiyo. Ofisi hii ilituelekeza kuanzia kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia (mtaa au kijiji), na kamati ya wavuvi ya shehia, ikatuandikia maombi kwa Kiswahili kinachosomeka, na kila fedha tuliyotoa ilikuwa na risiti yake, jambo ambalo si la kawaida sana kwa mawakala.

Ramani ndiyo iliyotusumbua. Mpimaji wao alikuja siku za maji mafu, yaani bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, akakuta eneo zima lina maji hata wakati wa kupwa, akachora vizimba kwa mstari ulionyooka kutoka mikokoni hadi ukingo wa mkondo. Huku kwetu, tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, hufikia takriban mita 4. Bamvua lilipofika, sehemu ya juu ya eneo hilo ilikauka kabisa mchana, jua likiwaka, na jongoo wa mchanga aliyefungiwa pahali kama hapo hafiki sokoni. Sehemu ya chini nayo iliangukia kwenye mkondo ambao ndio njia pekee ya ngalawa maji yanapokupwa, na ilikata pia wanapopita wanawake wanaochokoa pweza. Kwenye karatasi, hao wote hawakuwepo. Pameandikwa tu kwamba eneo "halitumiki".

Neno hilo lingetugombanisha na jirani zetu wenyewe. Tulipolalamika, jibu la kwanza lilikuwa kwamba marekebisho yana malipo ya ziada. Tulikataa, na baada ya mabishano mpimaji alirudi wakati wa bamvua, akatembea ufukweni pamoja na manahodha wawili na mama mmoja mchokoaji, akaweka vigingi kila walipomwonesha. Ramani ya pili ilisogeza vizimba kwenye mchanga wenye majani ya bahari, penye kidimbwi kisichokauka, ikaacha njia ya vyombo wazi. Kamati ya wavuvi iliipitisha bila ubishi.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Anayehitaji mtu wa kumwandalia maombi na kufuatilia majibu hatajuta kuwatumia. Ila kabla ya kusaini mkataba, iandikwe humo kwamba upimaji utafanyika bamvua na maji mafu kwa bei ileile, na kwamba watumiaji wa eneo wataitwa siku ya kupima. Vifaranga vya majongoo ofisi hii haiuzi, kwa hilo ulizeni kituo cha kutotolea kilichopo Beit el Ras.